Jalada la Mwanafunzi Liko Wapi?

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jalada la mwanafunzi wa chuo kikuu, lile la karatasi ngumu linalofunguliwa siku kijana anapofika chuoni kuripoti. Ndani yake hutiwa barua ya udahili, nakala za vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha kuzaliwa, fomu ya uchunguzi wa afya na picha za pasipoti. Kila karatasi hupewa namba ya folio, jalada hupewa namba yake, kisha hupandishwa kwenye rafu ya masjala. Kijana mwenyewe halioni tena. Hulikumbuka miaka mingi baadaye, mwajiri anapotaka uthibitisho au anapoomba nafasi ya shahada ya pili, na karani dirishani anamwambia, "Njoo wiki ijayo, jalada lako bado linatafutwa."

Wakati huohuo, katika jengo jingine la chuo hichohicho, kijana huyo yumo ndani ya kompyuta. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafunzi wanaufahamu mfumo wa ARIS. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wana SUASIS. Vyuo vingine vingi nchini vimetumia SARIS. Humo mna jina lake, programu anayosoma, masomo aliyojisajili na alama alizopata. Mfumo unajua kwamba aliahirisha masomo mwaka wa pili, lakini sababu haimo. Barua ya daktari, ombi la mwanafunzi na kibali cha chuo vimo ndani ya lile jalada, na jalada liko kwenye rafu, kama halijapotea.

Kwa hiyo chuo kina kumbukumbu mbili za mtu mmoja, na kinachoziunganisha ni miguu ya karani anayetembea kutoka ofisi moja kwenda nyingine. Karani akistaafu, akihamishwa au akiugua, kiungo kimekatika.

Vyuo vingi sasa vinanunua programu za kutunza nyaraka, na hilo nalifurahia kwa dhati. Lakini nina hofu, na ndiyo iliyonileta mbele ya kipaza sauti. Fedha na nguvu vinamiminwa kwenye mashine za kuskani, huku suala la namna nyaraka hizo zitakavyokutana na mfumo wa taarifa za wanafunzi likiachwa kwa "awamu ya pili". Awamu ya pili mara nyingi haifiki. Kinachobaki ni picha za karatasi zilizorundikwa kwenye seva, kila moja ikiwa na jina lililotungwa na mashine: tarehe na namba ya mfululizo. Rundo limehama kutoka rafuni likaingia kwenye diski, na yule mhitimu bado anaambiwa aje wiki ijayo.

Tuione kazi yenyewe ilivyo. Mfumo wa taarifa za wanafunzi hutunza maelezo yaliyopangwa katika safu: huyu ni nani, anasoma nini, amefaulu wapi. Programu ya nyaraka hutunza ushahidi, yaani barua, cheti, fomu yenye saini na muhuri. Mifumo hiyo ikiunganishwa vizuri, cheti hukaa mahali pamoja tu, kwenye hifadhi ya nyaraka, na mfumo wa wanafunzi hubeba rejea inayoonyesha kilipo. Ofisa wa udahili akifungua ukurasa wa mwanafunzi anabonyeza kitufe, na nyaraka za mwanafunzi huyo zinafunguka palepale bila kuandika jina wala kupekua. Habari nazo huenda pande zote mbili. Mwanafunzi akisajiliwa, jalada lake la kielektroniki linafunguliwa lenyewe. Kibali cha kuahirisha kikishasainiwa, hali yake inabadilika kwenye mfumo siku hiyohiyo, na orodha inayokwenda Bodi ya Mikopo inatoka ikiwa sahihi.

Zipo njia kadhaa za kufanya hivyo. Ya zamani ni kutoa orodha kwenye mfumo mmoja kila usiku na kuiingiza kwenye mwingine. Ni ya polepole, lakini chuo kidogo kinaweza kuanza nayo na hakuna aibu yoyote. Ya hatari ni ile ya mtaalamu kuingia moja kwa moja kwenye kanzidata ya wanafunzi na kuandika humo kwa mlango wa nyuma. Mambo huenda vizuri mpaka siku waliotengeneza mfumo wanapotoa toleo jipya lenye mpangilio tofauti, na hapo rekodi za mwanafunzi na vyeti vyake huanza kupotezana. Tena aliyeingia kwa nyuma haachi kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na saa ngapi, jambo ambalo katika matokeo ya mitihani halivumiliki. Njia salama ni mifumo kuzungumza kupitia mlango rasmi, ule ambao wahandisi huuita API, kila ombi likibainisha nani anauliza na anaruhusiwa kuona nini. Upande wa nyaraka kuna hata kiwango cha kimataifa kinachoitwa CMIS, kilichopitishwa na shirika la OASIS mwaka 2010 ili programu za makampuni mbalimbali ziweze kufunguliana nyaraka kwa utaratibu mmoja. Mnunuzi akiulizie hicho kabla hajauliza bei.

Sasa nifike mahali ambapo kazi hizi hukwama, na hapo naomba mnivumilie nikae kidogo. Mifumo miwili haiwezi kumtambua mtu mmoja bila namba moja inayomwakilisha kote kuwili. Jambo hilo linaonekana dogo. Chukua namba ya mtihani ya kidato cha nne kutoka Baraza la Mitihani: inaanza na herufi S na namba ya shule, inafuata alama ya mkwaju, namba ya mtahiniwa, mkwaju tena, kisha mwaka. Chukua namba ya usajili ya Chuo Kikuu cha Dodoma: T, mkwaju, UDOM, mkwaju, mwaka, mkwaju, tarakimu. Kompyuta haikubali mkwaju ndani ya jina la faili, kwa kuwa kwake mkwaju ni alama ya folda iliyo ndani ya folda. Basi karani wa kwanza anaweka kistari badala yake, wa pili anaweka nukta, wa tatu anabananisha tarakimu zote bila kitu katikati. Mwanafunzi ni mmoja, lakini kompyuta imeona watu watatu.

Namba yenyewe nayo haitulii. Vipo vyuo ambavyo namba ya usajili imebeba kifupi cha programu, hivyo mwanafunzi akihama kutoka ualimu kwenda takwimu anapewa nyingine. Aliyesoma stashahada, akarudi kwa shahada ya kwanza, akaja tena kwa uzamili, ana namba tatu katika chuo kimoja. Je, nyaraka zake za stashahada zitamfuata? Zikibanwa kwenye namba ya usajili, hazitamfuata.

Tukigeukia majina, ndiyo usiseme. Kuna Mohamed, kuna Mohammed, kuna Muhammad, na wote watatu wanaweza kuwa kijana mmoja: cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cheti cha kidato cha nne vile, na kitambulisho cha taifa namna ya tatu. Kuna Said na Saidi. Kuna aliyeandikishwa kwa majina mawili shuleni na matatu chuoni. Kuna dada aliyeolewa akachukua ukoo wa mume, akaja na hati ya kiapo au hati ya kubadili jina. Hapo ndipo programu nyingi hukosea kwa namna inayoumiza watu. Jina jipya linaandikwa juu ya la zamani, la zamani linafutika, na vyeti vyote vilivyotolewa kwa jina la zamani vinakuwa vya mtu asiyekuwepo. Jina la zamani lazima libaki kwenye rekodi, na tarehe lilipoacha kutumika, na ile hati ya kiapo ifungwe papo hapo kama ushahidi wa kwa nini lilibadilika.

Dawa yake inajulikana. Kila mtu anayeingia chuoni apewe namba ya ndani isiyo na maana yoyote, isiyobeba mwaka wala programu, isiyobadilika maisha yake yote hata akirudi mara ngapi. Namba ya usajili, namba ya mtihani, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na majina yake yote yafungwe kwenye hiyo moja. Wapo wanaoshauri kwamba namba ya NIDA yenyewe iwe ndiyo ufunguo, kwa kuwa ni ya kitaifa. Siafiki. Namba hiyo ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe, kwa hiyo kuichapa kwenye kila faili ni kuitangaza siri yake. Halafu mwanafunzi kutoka Burundi au Kongo hana namba hiyo. Itunzwe kwenye rekodi, itumike kuhakiki, lakini isiwe msingi wa nyumba.

Kwa vyuo vikongwe kuna tabaka jingine tena. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Kumbukumbu za miaka kumi hiyo ya mwanzo zimepita chini ya majina matatu ya taasisi, na kila taasisi ilikuwa na muhuri wake na mamlaka yake ya kutoa shahada. Anayeskani hati za zama hizo bila kuandika pembeni taasisi iliyotoa, mwaka na aina ya hati, anamwachia mjukuu wake picha isiyosomeka maana. Maelezo hayo ya pembeni, yale wataalamu wanayoyaita metadata, ndiyo yanayokula muda. Kuskani kwenyewe ni kazi ya mikono.

Tupige hesabu kidogo. Chuo chenye wanafunzi 20,000, kila mmoja akiwa na karatasi 30 jaladani, kina kurasa 600,000. Ukurasa ulioskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi na kubanwa vizuri tuukadirie kilobaiti 300. Jumla inakuja gigabaiti 180, ambazo diski moja ya kawaida ya dukani inazimeza na kubakiza nafasi. Kwa hiyo anayekwambia tatizo ni ukubwa wa seva hajapiga hesabu. Lakini mtu mmoja anayeskani kurasa 1,000 kwa siku atahitaji siku za kazi 600, zaidi ya miaka miwili, na hapo hajataja karatasi hata moja kwa jina lake. Ndiyo maana ushauri wangu kwa vyuo ni kutoanza na rafu ya zamani. Anzeni na wanafunzi wanaoingia mwaka huu. Hao nyaraka zao nyingi tayari wameshazipakia wakati wa kuomba udahili, na matokeo yao ya kidato cha nne na cha sita yanavutwa moja kwa moja kutoka Baraza la Mitihani kwa namba ya mtihani. Walioomba mkopo walishahakiki cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa usajili, au kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kama walizaliwa Zanzibar. Majalada ya zamani yaskaniwe kadiri yanavyoulizwa: mhitimu akija kuomba uthibitisho, jalada lake likishuka rafuni liskaniwe, liunganishwe, ndipo lirudi.

Kuna watu ambao mara nyingi hawaitwi kwenye mikutano ya miradi hii, nao ni watunza kumbukumbu wa masjala. Huitwa wataalamu wa TEHAMA, huitwa ofisa ugavi, huitwa kampuni inayouza programu. Mama aliyekaa masjala miaka ishirini huletewa mfumo ukiwa umekwisha na kupewa mafunzo ya siku mbili. Lakini yeye ndiye anayejua habari za majalada ya muda: jalada halisi likikosekana, hufunguliwa la muda ili kazi isisimame, na la kwanza likipatikana haya mawili yanatakiwa kuunganishwa, kazi ambayo wakati mwingine hufanyika na wakati mwingine husahaulika. Yeye ndiye anayejua kwamba barua za nidhamu hazikai na barua za ada. Anajua kitivo fulani kilivunjwa na majalada yake yakahamishiwa wapi. Nasema kwa uzito wote: mradi wa kuunganisha kumbukumbu za wanafunzi ambao hauna mtunza kumbukumbu kwenye kamati yake, mwenye sauti na si mgeni mwalikwa, haustahili kupewa fedha.

Suala la sheria si refu, lakini ni zito. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Jalada la mwanafunzi limejaa taarifa binafsi, na fomu ya afya ni taarifa nyeti. Zamani ulinzi wake ulikuwa kufuli la masjala na ukali wa karani. Mifumo ikiunganishwa, yeyote mwenye nywila yuko mlangoni. Mhasibu anahitaji kuona barua ya ufadhili, hana haja na ripoti ya daktari. Mhadhiri anahitaji kujua kwamba mwanafunzi ameruhusiwa kufanya mtihani maalumu, hana haja ya kujua anaumwa nini. Muunganisho ulioharakishwa humfungulia kila mmoja kila kitu, kwa kuwa hiyo ndiyo njia nyepesi kwa fundi. Wanafunzi wanaonisikiliza, mna haki ya kuuliza ni nani ndani ya chuo chenu anaona fomu yenu ya afya. Ulizeni.

Kuna wanaodhani haya ni mambo ya karatasi tu. Aprili 28, 2017, pale Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na watumishi 9,932 wakatajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Nakala za vyeti hivyo zilikuwa kwenye majalada ya waajiri, nyingine kwa miaka mingi. Kumbukumbu za kweli za matokeo zilikuwa Baraza la Mitihani. Pande mbili hizo hazikuwa zimekutanishwa mpaka uhakiki ulipofanyika nchi nzima kwa amri. Aliyeghushi alipita katika pengo hilo. Lakini nafikiri zaidi juu ya yule ambaye hakughushi chochote, ambaye jina lake lina herufi moja tofauti kati ya hati na hati, akalazimika kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Pengo hilohilo linamwumiza mkweli kila siku, bila tangazo.

Nimalizie kwa wakuu wa vyuo, manaibu wao wa taaluma na wakurugenzi wa TEHAMA. Programu za nyaraka zina wenyewe, na wenyewe hubadilika. Alfresco, ambayo imetumika katika nchi nyingi, ilianzishwa 2005, ikanunuliwa na kampuni ya Marekani ya Hyland mwaka 2020. Mwaka uliofuata Hyland ikainunua na Nuxeo, nayo ni programu ya kazi hiyohiyo. Hakuna ubaya katika biashara hiyo. Ila rekodi ya mwanafunzi anayesajiliwa leo akiwa na miaka 19 itahitajika mpaka atakapostaafu, na pengine baada ya hapo, kwa mirathi. Hakuna mkataba wa programu utakaodumu muda huo.

Kwa hiyo kabla hamjasaini, wekeni vipengele viwili. Cha kwanza, nyaraka zote zihifadhiwe katika umbo la PDF/A, lile lililowekewa kiwango cha ISO tangu 2005 kwa ajili ya hifadhi ya muda mrefu. Cha pili, kampuni ioneshe kwa vitendo, mbele ya mtunza kumbukumbu wenu, kwamba inaweza kuwakabidhi nyaraka zote za wanafunzi mia moja, pamoja na maelezo yake yote na namba zinazoziunganisha na mfumo wa wanafunzi, kwa namna ambayo programu nyingine inaweza kuzisoma. Jaribio hilo lifanyike kabla ya malipo ya mwisho. Likishindikana, msilipe.